Nusu Nyeusi ya Bendera

Lifti ya soko iligoma saa nne asubuhi ya Jumamosi, mwezi wa Juni, wakati nusu ya mji wa Iași ilikuwa imeteremka kununua cheri. Tiberiu Holban alikuwa chini, kwenye mabanda ya matunda, ameketi katika kiti chake cha magurudumu na mfuko wa kilo tatu mapajani. Alibonyeza kitufe mara moja, akabonyeza tena, kisha akakaa akiutazama ule mlango wa chuma kama mtu anayemsubiri mwongo amalize kusema.

Mwanamke mmoja akaja kusimama kando yake. Alitembelea magongo mawili, na mgongoni alikuwa amejifunga jora la kitambaa cha pazia kwa mkanda wa ngozi. Gauni lake lilikuwa la kijani, lenye ukosi mweupe ulioshonwa kwa mkono wenye subira. Nywele alizikata fupi kama za mwanajeshi, na midomo ameipaka rangi nyekundu iliyokoza, bila kujali kuwa ni asubuhi na ni sokoni.

"Imekufa?" akauliza.

"Inapumzika. Mlinzi anasema fundi yuko njiani."

"Anatoka wapi huyo fundi?"

"Hakusema. Kwa namna alivyokuwa akikwepa macho yangu, nadhani anatoka Ujerumani."

Mwanamke alicheka, kicheko kikavu cha mtu asiyecheka kila siku. Akaegemea ukuta, akashusha jora lake sakafuni, na Tiberiu akamsogezea mfuko wa cheri. Walikula wakitema kokwa kwenye gazeti. Watu walipita na vikapu vyao, wakiwaangalia na kugeuza nyuso, na wao wakawa wanabahatisha nani kati ya wapitaji atasema pole na nani atajifanya hajaona. Otilia, ndilo jina alilomtajia, alibahatisha sawa karibu kila mara.

Alikuwa fundi cherehani, mwenye kichumba chake upande wa Podu Roș. Alirekebisha suruali na kushona mapazia. Tiberiu alichora mabango na kadi za harusi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Alimsimulia jinsi alivyoanguka kwenye jukwaa la ujenzi huko Torino akiwa na miaka ishirini na minne, na alisimulia kwa mizaha aliyokuwa ameizoea, kwa kuwa miaka kumi na minne ilikuwa imepita na kila mtu aliuliza. Otilia hakumpa pole. Alimuuliza alianguka kutoka ghorofa ya ngapi.

"Ya tatu."

"Mimi naishi ya tatu," akasema Otilia, na hapo wakacheka wote wawili.

Tiberiu alipouliza juu ya miguu ya Otilia, yeye alijibu kuwa alizaliwa hivyo, kisha akauliza kama cheri hizo zilikuwa za Cotnari au za wapi.

Saa mbili zilipita. Mwishowe wapagazi wanne wa soko walimbeba Tiberiu na kiti chake, yeye akiwa ameuinua juu mfuko uliokuwa umebaki nusu. Alipowekwa chini kwenye mwanga wa nje, aligeuka na kumkuta Otilia amekwisha fika kileleni mwa ngazi, jora mgongoni, pumzi zimetulia.

"Kumbe ngazi unaziweza."

"Naziweza."

"Sasa saa mbili zote hizo chini ulikuwa unangoja nini?"

Otilia alijifuta midomo kwa kitambaa. "Cheri zilikuwa hazijaisha," akasema.

*

Jumatatu Tiberiu alimpigia simu kazini.

"Fundi, nina suruali imepasuka."

"Imepasuka wapi?"

"Bado haijapasuka. Nakuuliza wewe ungependa ipasuke wapi."

Ikawa hivyo kila siku. Alimpigia wakati wa chakula cha mchana, mashine za kuchapa zikinguruma nyuma yake, naye Otilia akamjibu huku pini zimebanwa kati ya meno. Otilia alimwita bwana mkubwa wa Torino. Tiberiu, katika simu ya tatu au ya nne, alimwita kipenzi. Upande wa pili ukanyamaza kimya, mpaka Tiberiu akadhani simu imekatika.

"Umenyamaza."

"Sema tena," akasema Otilia.

Alisema tena. Alisema mara nyingi mwezi ule, wakati miti ya tei ilipochanua na mji mzima ukanukia asali, wakiwa wamekaa kwenye bustani ya Copou, Tiberiu katika kiti chake na Otilia kwenye benchi, magongo yakiwa yamelazwa kwenye nyasi. Otilia alikuwa na miaka thelathini na mitano na hajawahi kuitwa hivyo na mtu aliyekusudia.

Tiberiu alimpeleka nyumbani kwao Tătărași, kwenye fleti ya chini ambako aliishi na mama yake. Mama Eufrosina aliuza nyumba ya kijijini mwaka ule mwanawe alipoanguka, akaja mjini kumuuguza, hakurudi tena. Siku hiyo aliwaandalia ugali wa njano na jibini na nyama ya nguruwe ya kukaanga, akamwambia Otilia ale, kwa nini hali, amekonda hivi nani anamlisha. Katikati ya chakula, bila hata kukatiza maneno yake, mama alinyoosha mkono akaondoa unywele mmoja kwenye kola ya mwanawe. Otilia aliinuka akasema anataka hewa. Alikaa kibarazani kwa muda mrefu, na aliporudi macho yake yalikuwa makavu na sahani yake imepoa. Tiberiu alidhani hakupenda chakula.

Wakati huo Tiberiu alikuwa katika chama kilichoitwa Kizingiti, watu kama thelathini waliokutana katika ukumbi wa maktaba: wenye viti vya magurudumu, viziwi, wasioona, wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, watu wenye maradhi ambayo hayaonekani kwa macho. Walikuwa wanatayarisha matembezi ya kwanza ya fahari ya watu wenye ulemavu katika mji huo, yawe mwezi wa Septemba, na walihitaji bendera. Mwenyekiti wao, Bwana Leonida, mwalimu mstaafu asiyeona, alisema hataki kuazima ya nchi nyingine. Kazi alipewa Tiberiu aichore, na Otilia, aliyekuwa amejiunga majuma mawili tu nyuma, akapewa kuishona ile kubwa ya kubebwa mbele.

Walifanya kazi hiyo kiwandani baada ya saa za kazi, jua likiwa bado linaingia dirishani. Tiberiu alichora mistari minne minene: njano kwa ajili ya viungo, zambarau kwa macho na masikio, kijani kwa akili, chungwa kwa maradhi yaliyojificha. Ilichangamka kama soko la maua. Otilia aliitazama, akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha kitambaa cheusi na kufunika nusu yote ya kushoto.

"Hiyo nini?"

"Nyeusi."

"Naona ni nyeusi. Nyeusi ya nini?"

"Ya kukaa hapo."

Tiberiu alijaribu. Alipendekeza nyota nyeupe katikati, au mlango, au hata ndege, ingawa wazo la ndege lilimtia aibu yeye mwenyewe. Otilia alitikisa kichwa.

"Usiweke kitu."

"Nusu nzima ya bendera, tupu?"

"Nusu nzima."

Alimuuliza tena mwezi wa Julai, na tena mwanzoni mwa Agosti. Mara moja alijibiwa kwa mzaha kuwa nyeusi haionyeshi uchafu. Mara nyingine Otilia alivaa miwani yake akaendelea kushona. Tiberiu alikuwa amependa, na mtu aliyependa hachimbi sana, akachora alivyoambiwa.

Bendera ilipopelekwa kwa kamati, Bwana Leonida aliitaka mikononi. Otilia alikuwa ameshona kila mstari kwa kitambaa chake, hariri, mahameli, pamba, kitani, ili wasioona waihesabu kwa vidole. Nusu nyeusi aliikata kwenye sufu nzito ya makoti ya zamani, na kwa sasa alikuwa ameishikiza kwa nyuzi chache tu. Vidole vya mzee vilipita juu ya rangi haraka, vikafika kwenye sufu, vikakaa. Alingoja kama kuna kitu mbele, hakukuta kitu. Hakuuliza. Alisema tu, "Hii iachwe hivihivi," na kamati ikapitisha.

*

Mwisho wa Agosti alipatikana mfadhili, mwenye maduka ya samani, ambaye angetoa jukwaa, mabasi yenye mteremko wa kupandishia viti vya magurudumu na bendera ndogo mia tatu za kugawa. Msaidizi wake aliandika barua yenye heshima. Kila kitu kilikuwa kizuri, isipokuwa ile nyeusi. Ilifanana na msiba. Wangependa iwe buluu, buluu ya anga, na jibu lilihitajika kabla ya saa sita mchana kesho yake.

Bwana Leonida alikuwa Bukarest, amelazwa, anangoja kupasuliwa moyo. Uamuzi ulimwangukia Tiberiu. Alimpigia Otilia, naye alikuwa juu ya kiti nyumbani kwa mteja akipima madirisha; alisema atampigia. Saa tano na nusu hajapiga. Saa sita kasorobo Tiberiu alibadili rangi kwenye kompyuta yake, kitendo cha vidole viwili tu, akaituma.

Jioni Otilia alipiga. Sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu ya kuimba.

"Unajua nimemaliza nini? Nyeusi. Mshono wa mwisho nimeukata sasa hivi. Siku kumi na nne, Tibi, kwa mkono, maana mashine ilikuwa inaivuta."

Tiberiu alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili.

"Umefanya vizuri, kipenzi," akasema.

Alijiambia neno kama lile husemwa ana kwa ana. Atamwambia Alhamisi. Alhamisi Otilia alikuja na maandazi ya maboga ya kiangazi na alikuwa na furaha, Tiberiu akaona afadhali iwe Jumapili.

Jumamosi Otilia alikuwa anapita mtaa wa Lăpușneanu, kati ya maduka ya vitabu vikuukuu na meza za kahawa, amevaa gauni lake jipya la madoadoa. Aliona watu wameinua vichwa. Kati ya nguzo mbili za taa lilikuwa limetandazwa bango la matembezi, refu kama basi, na bendera juu yake: mistari minne, na nusu nzima ya kushoto buluu kama tangazo la dawa ya meno. Mama mmoja mwenye aiskrimu alimwambia, kwa wema kabisa, kwamba ni nzuri sana, inachangamsha.

Alimpigia Tiberiu akiwa palepale.

"Nipo Lăpușneanu. Natazama juu."

"Nilitaka kukwambia," akasema Tiberiu.

"Lini?"

"Jumapili. Kesho."

"Juzi tulikula pamoja."

"Otilia, wangejitoa. Tungekosa jukwaa, mabasi, matembezi yote, kwa sababu ya rangi. Ni rangi tu, mpenzi."

"Nilikwambia nimemaliza, ukaniambia nimefanya vizuri. Ulikuwa umekwisha ifuta, ukaniambia nimefanya vizuri."

"Nilikuuliza ni ya nini. Nilikuuliza mara ngapi? Hukusema hata siku moja."

"Kwa hiyo ili ukilinde kitu changu ni mpaka nikupe sababu?"

Tiberiu alianza kujibu, na simu ikawa imekatwa.

*

Jengo la Otilia lilikuwa la ghorofa nne, halina lifti. Tiberiu alikuja uani siku ya tatu, akaegesha kiti chake karibu na chuma cha kupigia mazulia, akapiga simu. Dirisha la ghorofa ya tatu lilikuwa wazi na aliisikia simu ya Otilia ikilia kule ndani, mlio uleule wa kengele za kondoo aliokuwa akimtania nao. Ililia mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikalia tena, na watu wa jengo zima wakawa wanaisikia.

Jirani wa chini, Mama Aglaia, mwanamke mnene mwenye vibanio vya kukunja nywele kichwani, alimletea maandazi ya maboga kwenye sahani. Alimwambia kwamba yule yuko juu na anamwona vizuri kupitia pazia. Alisema pia kwamba, kwa miaka kumi na moja aliyomjua Otilia, hajawahi kumwona akigeuza uamuzi, kwa hiyo ale angalau maandazi.

Alikuja tena siku ya sita. Alikuja siku ya kumi na mbili, wingu likiwa limeshuka na hewa inanukia makaa ya kwanza ya mwaka. Simu ililia juu mara nne, kisha ikapokewa.

"Usiseme kitu," akasema Otilia. "Ukisema neno lolote nitakata."

Tiberiu alifunga mdomo.

"Nililelewa Cotul Rece, katika nyumba ya serikali ya watoto wasioponyeka. Hilo ndilo lilikuwa jina letu kwenye karatasi, wasioponyeka. Chumba chetu kilikuwa namba sita, vitanda ishirini na viwili, watoto arobaini. Nililala kitanda kimoja na mwenzangu. Alikuwa haongei wala hatembei, alikuwa anacheka nikimpulizia shingoni. Tulimwita Puica, kifaranga. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua, labda hakuwa nalo. Majira ya baridi yale nilikuwa na miaka minane. Vioo vilikuwa vimevunjika. Asubuhi moja niliamka, amepoa."

Tiberiu alisikia pumzi zake mara mbili, kwenye simu na, kwa mbali, dirishani.

"Sikumwambia mtu. Nilikaa naye chini ya blanketi mpaka mchana, kwa sababu kulikuwa na mkate wake. Waliugawa asubuhi, kila mmoja wake. Kama wangejua amekufa wangeuchukua. Nikaula mimi. Kisha nikaita."

Mama Aglaia, aliyekuwa ametoka na zulia lake, alimwona mwanaume akilia pale bila sauti, kiganja kimeziba mdomo, akarudi ndani na zulia bila kulipiga.

"Walimtoa kwa shuka. Makaburini walikuwa wanachomeka kijiti chenye namba, na mimi sikujua kusoma namba, nilifundishwa kusoma nina miaka kumi na tano. Mwaka juzi nilikwenda ofisi ya kata kuuliza majina ya watoto waliokufa pale. Wakaniambia vitabu havipo. Nilitaka kushona majina, Tibi. Nilikuwa na uzi mweupe tayari. Sasa ningeshona nini? Kwa hiyo nikaiacha tupu."

Pazia la dirisha lilisogea.

"Sasa unaweza kusema."

"Nitawapigia leo," akasema Tiberiu. "Nitawaambia wairudishe."

"Imeshachapishwa."

"Nitawapigia."

"Wapigie," akasema Otilia kwa sauti ya uchovu, na safari hii alikata polepole.

Mfadhili alikataa, kwa heshima ileile. Bila bendera zile hakuna jukwaa wala mabasi. Tiberiu aliitisha kikao, akawasimulia wanachama kiasi alichoona ana ruhusa ya kusimulia. Bwana Leonida alipiga kura yake kwa simu kutoka kitandani Bukarest: nyeusi. Waliomfuata walikuwa wawili, Tiberiu mmojawapo. Kumi na mmoja walitaka buluu. Hawakuwa watu wabaya. Mama mmoja mwenye mwana mkubwa mwenye ulemavu wa akili alisema, akiwa amemshika mwanawe mkono, kwamba yeye amehuzunika miaka ishirini na saba na anaomba apewe siku moja tu isiyo na huzuni ndani yake.

Matembezi yalifanyika. Kulinyesha manyunyu, watu tisini wakatembea kutoka chuo kikuu hadi Ikulu ya zamani, bendera za buluu zimelowana na kugandamana kwenye vijiti vyake. Televisheni iliwaonyesha nusu dakika. Mama Eufrosina alimsukuma mwanawe, jambo ambalo kwa kawaida Tiberiu hakuliruhusu, naye alikuwa nyuma kabisa, mikono mitupu, akigeuza kichwa kila walipopita njiapanda. Otilia hakutokea. Bendera ile ya buluu ilipendwa. Mwaka uliofuata ilitundikwa tena, na mpaka leo ndiyo watu wa huko wanayoijua.

*

Katikati ya Oktoba, siku ya Ijumaa, simu ya Tiberiu ililia akiwa kiwandani.

"Unaweza kupata gari Jumapili?" akauliza Otilia. Hakukuwa na salamu. "Basi la Cotul Rece haliendi Jumapili, na siku nyingine nina kazi."

Tiberiu alimwomba Grigore, dereva wa kiwanda, mtu wa maneno machache. Walisafiri kwa gari la mizigo saa moja na nusu kuelekea mto Prut, kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Otilia alivaa koti la kijivu na skafu, bila rangi ya midomo. Ile bendera kubwa ya nusu nyeusi ilikuwa imekunjwa magotini pake, imefungwa kwa mkanda wa ngozi. Tiberiu alitaka kumwomba msamaha, akafungua mdomo kijiji cha kwanza na cha pili, na mara zote mbili Otilia alitazama nje. Kijiji cha tatu alisema, bila kugeuka, "Najua. Nyamaza tu."

Nyumba yenyewe ilikuwa imebomolewa zamani. Makaburi yalikuwa nyuma ya kanisa, juu ya kilima. Mlinzi wa makaburi aliwaambia, kofia mkononi, kwamba vile vijiti vya namba vilikuwa upande wa uzio, na kwamba majira fulani ya baridi watu waliving'oa wakaviwasha. Baadaye uzio ulisogezwa. Sehemu moja ilizikwa watu wengine, sehemu nyingine ikawa shamba. Yeye hakuwapo, aliongeza, alikuwa kazini Hispania.

Kiti cha Tiberiu kilizama kwenye tope palepale langoni. Alijaribu kukivuta, kikazama zaidi. Otilia alimtazama, akafunga bendera mgongoni na kwenda peke yake.

Tiberiu alimwona akipita kati ya makaburi mapya ya marumaru, yenye picha za wazee waliotabasamu, akifika kwenye mabua ya mahindi, magongo yakizama na kung'oka, yakizama na kung'oka. Alisimama mahali. Akasogea hatua chache, akasimama tena, akarudi pale pa kwanza. Ilichukua karibu saa nzima. Aliporudi alikuwa na tope mpaka magotini, na bendera bado imefungwa.

"Hakuna kitu," akasema. "Sijui hata nisimame wapi."

"Simama hapa."

"Hapa ni langoni."

"Wote walipitishwa hapa," akasema Tiberiu.

Otilia alifikiri. Kisha alifungua mkanda. Aliegemea nguzo ya lango, akampa Tiberiu ncha moja, akashika nyingine, na wakaitandaza bendera kati yao, sufu nyeusi upande wake na rangi upande wa Tiberiu. Hakukuwa na upepo. Ilining'inia tu. Manyunyu yalianza, na sufu ikayanywa ikawa nzito mikononi. Hakuna aliyepita. Otilia alikuwa amefikiri kwamba siku hiyo ikifika atalia, na sasa aliona kwamba hataweza, kwamba hata hilo halipo.

"Niliula mkate wake."

"Ulikuwa na miaka minane."

"Najua nilikuwa na miaka mingapi."

Tiberiu hakuishusha ncha yake mpaka Otilia aliposhusha yake. Waliikunja, nusu, na nusu tena, na kila mkunjo uliwakutanisha, vidole vya baridi kwa vidole vya baridi.

"Nikifa," akasema Otilia, "usikubali wanizike bila jina."

"Jina lako linajulikana."

"Ursache? Hilo la ukoo alinipa karani. Alikuwa na orodha ya wafanyakazi wa reli, anawapa watoto kwa zamu. Nilimkuta baadaye, akaniambia mwenyewe. Alidhani nitacheka."

Tiberiu alikuwa na pete nyumbani, kwenye droo, tangu Agosti, na maneno aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Hakukumbuka hata moja.

"Chukua Holban," akasema. Kisha, kwa kuwa Otilia alikuwa anamtazama tu, "Si kwa ajili ya kaburi peke yake."

Manyunyu yalikuwa yametua kwenye kope za Otilia. Alilijaribu jina lile kwa sauti ya chini, taratibu, kama anavyopitisha kitambaa kati ya vidole kabla ya kusema ndiyo au hapana.

"Otilia Holban. Linasikika kama la mtu mwenye ndugu."

Grigore alikuja akiburuza mbao mbili, akaziweka chini ya magurudumu, akaanza kuvuta. Otilia aliiweka bendera mapajani mwa Tiberiu, maana ilikuwa imelowa na uzito umezidi, na kwenye tope lile alihitaji mikono yote miwili kwa magongo yake.